Siku ya Apolo, siku ya Patrick: namna gani mgeni anageuka mwenyeji

Kila tarehe 30 Mei, Waanglikana wa Boga, kusini mwa teritwari ya Irumu, wanamkumbuka mtu mmoja ambaye hakuzaliwa Boga. Hakuwa Muhema, hakuwa Mngiti, wala hakuwa Mkongo. Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda. Alifariki Boga siku hiyo mwaka wa 1933, na kaburi lake liko hapohapo. Leo, ukimwuliza mzee wa Boga kanisa lao lilianzia wapi, jina la kwanza atakalotaja ni la huyo mtu wa ng'ambo ya mto Semliki.

Mbali sana na hapo, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kila mwezi wa Machi watu wanavaa nguo za kijani na kujaa kwenye barabara ya Bardstown kutazama gwaride la Mtakatifu Patrick, siku kuu ya Waayalandi. Wazungu, Weusi, wazee na watoto wa shule, wote siku hiyo ni Waayalandi kidogo. Katika mji huo wanaishi pia familia nyingi za Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi, na katika nyumba zao Kiswahili kinasikika kila siku.

Siku hizi mbili hazina uhusiano wa moja kwa moja. Lakini ukiziweka pamoja, zinagusa swali ambalo Ituri inalijua vizuri kuliko mikoa mingi: nani ni mgeni, nani ni mwenyeji, na ni nani anayekata hiyo kesi?

Wote wawili walitoka mahali pengine

Watu wengi wanadhani Patrick alikuwa Mwayalandi. Hapana. Alizaliwa Uingereza, karne ya 5 hivi, wakati Waroma walipokuwa wanaondoka katika kisiwa hicho. Alipokuwa na miaka karibu 16 alitekwa na wavamizi, akapelekwa Ayalandi kuwa mtumwa, akachunga mifugo kwa miaka 6. Alitoroka, akarudi kwao. Kisha, akiwa askofu, alirudi kwa hiari katika nchi ileile iliyomfanya mtumwa. Hayo yanajulikana kwa sababu aliyaandika mwenyewe. Tarehe 17 Machi ni siku anayokumbukwa kuwa alifariki.

Safari ya Apolo haikuwa ya utumwa, lakini nayo haikuwa rahisi. Alifika Boga mwaka wa 1896 akitokea Toro, Uganda, akiwa mwalimu wa dini. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa kukosa chakula. Chifu Tabaro na watu wake hawakufurahia mafundisho yake juu ya pombe na ndoa za wake wengi. Inasimuliwa kwamba dada wa Tabaro alijichoma kwa ajali kwenye mkuki ambao Apolo alikuwa nao kwenye majani marefu, akafa. Apolo alishtakiwa kuwa muuaji, akapigwa, akapelekwa hadi Toro kufungwa. Aliachiliwa. Na badala ya kubaki kwao, alirudi Boga. Mwishowe Tabaro mwenyewe alibatizwa na kuitwa Paulo.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wengi wa Boga hawaambiwi. Apolo alipofika, Boga ilihesabiwa upande wa Toro, chini ya Waingereza. Baada ya mapatano ya Brussels ya mwaka wa 1910, Wazungu walichora mpaka upya, na Boga ikabaki upande wa Wabelgiji. Maana yake, sio tu kwamba Apolo alikuwa mgeni. Mpaka wenyewe ulihama. Wakaaji wa Boga walilala upande mmoja na kuamka upande mwingine, bila mtu yeyote kuondoka nyumbani kwake. Kanisa lao likaendelea kusali kwa lugha ya Kinyoro kwa miaka mingi, ndani ya Kongo.

Apolo alirudi baada ya mpaka kuchorwa, akabaki hadi kufa. Miaka yake ya mwisho aliingia msituni kwa Wambuti, akatafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Inasimuliwa pia kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako kazi ilikuwa haijaisha, na sio mashariki kama ilivyokuwa desturi.

Louisville kabla ya gwaride

Jina la Louisville sio geni kwa Wakongo, hata kama wengi hawajui kwamba wanalijua. Muhammad Ali alizaliwa huko tarehe 17 Januari 1942. Ndiye aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, uwanja mzima ukipiga kelele "Ali, boma ye". Kinachojulikana kidogo ni kwamba babu mmoja wa mama yake, Abe Grady, alikuwa Mwayalandi kutoka mji wa Ennis. Mwaka wa 2009 Ali alitembelea Ennis, na mji huo ukampa heshima ya kuwa raia wake. Kitukuu wa mhamiaji alirudi kupokelewa kama mtoto wa nyumbani.

Lakini babu za Waayalandi wa Louisville hawakupokelewa kwa gwaride. Wengi walifika miaka ya 1840 na 1850, wakikimbia njaa kubwa iliyoanza mwaka wa 1845 baada ya ugonjwa kuharibu viazi, chakula chao cha kila siku. Watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa. Wengine zaidi ya milioni moja waliondoka. Huko Marekani walifanya kazi ambazo wengine hawakuzitaka: bandarini kwenye mto Ohio, kwenye mifereji, kwenye njia za reli.

Wenyeji wakaanza kunung'unika. Walisema hawa watu ni wengi mno, wanachukua kazi zetu, dini yao ya Kikatoliki inawafanya wamtii Papa kuliko serikali, na wakipiga kura wataiuza nchi. Chama kikaundwa kwa ajili hiyo. Jina lake rasmi lilikuwa Chama cha Amerika, lakini watu walikiita "Sijui Kitu", kwa sababu wanachama wakiulizwa habari za siri za chama walijibu kwamba hawajui kitu. Kilidai mhamiaji asubiri miaka 21 kabla ya kupata uraia, badala ya 5.

Tarehe 6 Agosti 1855 ilikuwa siku ya uchaguzi huko Louisville. Watu wa chama hicho walizingira vituo vya kupigia kura na kuwafukuza Waayalandi na Wajerumani. Jioni ikawa vita vya mitaani. Nyumba zilichomwa moto, na waliojaribu kutoka walipigwa risasi. Safu nzima ya nyumba za Waayalandi, mali ya mtu mmoja aliyeitwa Francis Quinn, iliteketea, na mwenyewe akauawa. Hesabu inayokubaliwa ni watu 22 au zaidi waliokufa. Askofu Mkatoliki wa mji, Martin John Spalding, aliamini walikuwa karibu 100. Siku hiyo inaitwa mpaka leo Jumatatu ya Damu. Hakuna hata mtu mmoja aliyehukumiwa.

Hapa kuna jambo la kuwahusu hasa watu wa redio na magazeti. Kabla ya siku hiyo, George Prentice, mhariri wa gazeti kubwa la mji, aliandika wiki baada ya wiki makala za kuwachochea wasomaji dhidi ya wageni hao. Baada ya kifo chake alijengewa sanamu, ambayo baadaye iliwekwa mbele ya maktaba ya mji. Sanamu hiyo ilikaa hapo miaka mingi mpaka mji ulipoiondoa Desemba 2018. Miaka 163 ilipita kati ya maneno yake na siku mji ulipoondoa heshima yake.

Nini kilibadilika?

Mtu anaweza kufikiri kwamba siku kuu ndiyo iliyowapatanisha watu. Kwamba Waayalandi walicheza ngoma, majirani wakapenda, mambo yakaisha. Sivyo ilivyokuwa.

Kilichobadilika kwanza ni kura. Uraia ulibaki kupatikana baada ya miaka 5, na kile chama cha "Sijui Kitu" kilisambaratika baada ya miaka michache. Mwaka wa 1865, miaka 10 tu baada ya Jumatatu ya Damu, Louisville ilichagua meya aliyezaliwa Ujerumani, Philip Tomppert. Mtu ambaye kura yake inahesabiwa ni vigumu kumfukuza kama mbwa.

Cha pili ni kazi. Reli ilihitaji mikono, na Waayalandi wengi walihamia mtaa wa Limerick, karibu na karakana za reli, wakapata mshahara wa kudumu na nyumba zao wenyewe. Kwa miaka mingi gwaride la Mtakatifu Patrick lilianzia mtaa huo, kwenye kanisa la Mtakatifu Louis Bertrand.

Cha tatu ndiyo siku kuu. Na hapa inafaa kusema kwamba gwaride la 17 Machi lilikuzwa na Waayalandi waliokuwa ugenini kuliko waliobaki nyumbani. New York ilikuwa na gwaride tangu 1762. Huko Ayalandi kwenyewe siku hiyo ilikuwa ya kwenda kanisani kwanza, na ilikuja kuwa siku ya mapumziko kwa sheria mwaka wa 1903. Waliokuwa mbali ndio waliohitaji kujionyesha. Gwaride lilikuwa ni kusema kwa sauti: tuko hapa, tuko wengi, hatuogopi kutembea katikati ya barabara. Baada ya hapo tu, polepole, majirani wakaanza kutembea nao.

Kwa hiyo siku kuu haikuleta amani. Ilikuja kuonyesha amani ambayo sheria, kura na kazi vilikuwa vimeanza kuijenga. Ikiwa hivyo vitatu havipo, siku kuu inabaki ngoma ya siku moja.

Usiku wa kuamkia 31 Mei

Boga nayo ina tarehe yake ya damu, na inakaa pembeni kabisa mwa tarehe yake ya furaha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya Apolo ilipokuwa inamalizika, watu wenye silaha waliotajwa kuwa wa ADF walishambulia kwa wakati mmoja vijiji na kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Boga na Tchabi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilitangaza raia 57 waliouawa kwa risasi na mapanga, kati yao watoto 7. Wengine 25 walitekwa. Siku chache baadaye hospitali kuu ya Boga iliporwa na sehemu yake kuchomwa moto, wagonjwa wakabaki bila mahali pa kutibiwa.

Hayo yalitokea siku 25 tu baada ya kuanza kwa utawala wa kijeshi wa dharura, ule watu wanaouita eta de sieje, katika Ituri na Kivu Kaskazini, tarehe 6 Mei 2021. Tangu 30 Novemba mwaka huohuo, jeshi la Uganda, UPDF, limekuwa likipigana na ADF pamoja na FARDC katika operesheni iitwayo Shujaa. Kwa wakaaji wa Boga hiyo ina maana ya pekee. Zamani ng'ambo ya Semliki alitoka mwalimu na Biblia. Sasa wanatoka askari na vifaru, na swali la kwamba hao ni wageni wa aina gani, na watakaa mpaka lini, linasikika sokoni na kwenye barza za jioni.

Lakini swali gumu zaidi haliwahusu Waganda. Linawahusu Banyabwisha, watu wanaosema Kinyarwanda waliofika sehemu za Tchabi na Boga wakitokea Kivu Kaskazini kutafuta mashamba. Kati yao na sehemu ya wakaaji wa zamani kuna ugomvi wa ardhi wa miaka mingi. Baada ya kila shambulio, kidole kinanyooshwa: hawa ndio wanaowaonyesha adui njia. Jina la jamii nzima limekuwa shutuma.

Mambo mawili hapa ni ya kweli kwa wakati mmoja, na lazima yasemwe yote mawili. La kwanza: hofu ya wakaaji ina msingi. Ardhi ikigawiwa bila utaratibu, bila mkuu wa sheferi na wakuu wa vijiji kujua nani amelima wapi na kwa makubaliano gani, hata ndugu wa tumbo moja watapigana. Na mahali ambapo watu wanauawa usiku, kutaka kujua jirani yako ni nani sio chuki. Ni kutaka kuishi.

La pili: Bwisha ni sheferi ya Rutshuru, ndani ya Kongo. Mtu aliyetoka Bwisha akaja Tchabi hakuvuka mpaka wowote wa nchi. Amebadilisha jimbo tu. Apolo ndiye aliyevuka. Ikiwa kaburi linaloheshimiwa kuliko yote Boga ni la mtu aliyetoka nchi nyingine, haiwezekani kusema kwamba asili ya mtu peke yake inatosha kumhukumu. Kinachohukumiwa ni matendo, na kazi hiyo ni ya mahakama, sio ya kundi la vijana wenye mapanga.

Kongo imekwisha kuonja matunda ya kucheza na swali hili. Sheria ya uraia ya mwaka wa 1981 iliwaweka watu wengi wa mashariki kwenye mashaka, na vita vya miaka ya 1990 vilipata humo kisingizio. Sheria ya 12 Novemba 2004 ilijaribu kurekebisha, ikitambua uraia wa asili kwa watu wa makabila yaliyokuwa katika nchi wakati wa uhuru. Sheria iko. Lakini kijijini, mtu asiye na karatasi yoyote ataonyesha nini? Na mwenye kadi ya mchaguzi akiambiwa kwamba ni ya kununua, atajitetea kwa nani?

Mlango unaofungwa

Kuna watu wa Ituri na Kivu wanaoishi swali hili upande wa pili, kama wageni kwa wengine. Wako katika kambi za Uganda kama Kyangwali, ng'ambo ya ziwa Albert, na baadhi yao walikuwa kwenye orodha ya kupelekwa Marekani. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Marekani ilipokea karibu wakimbizi 20,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Januari 2025, Rais Donald Trump alisimamisha mpango huo siku ya kwanza ya kurudi madarakani. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 idadi ya juu iliwekwa kuwa 7,500 kwa dunia nzima, na nafasi nyingi zikatengewa Wazungu wa Afrika Kusini. Familia ambazo zilikuwa zimepita mahojiano na vipimo vya afya zimebaki zinangoja.

Machi 2025, miezi miwili tu baada ya kusimamishwa huko, waziri mkuu wa Ayalandi, Micheál Martin, alipokelewa katika Ikulu ya Marekani na kutoa zawadi ya majani ya Ayalandi kwenye bakuli, desturi iliyoanza miaka ya 1950. Hotuba za siku kama hizo huwasifu Waayalandi waliofika mikono mitupu wakaijenga Marekani. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini yaliyosemwa juu ya Waayalandi mwaka wa 1855, kwamba ni wengi, ni maskini na hawaaminiki, leo yanasemwa juu ya wengine, na wakati mwingine na vitukuu vya walewale waliokimbia moto wa Louisville.

Hiyo inaonyesha kwamba somo la ugeni halirithiwi kama shamba. Kila kizazi kinaweza kulisahau, Louisville na Boga vilevile.

Kinachobaki kufanywa Boga

Waliorudi Boga baada ya 2021 walirudi kidogo kidogo, wengine wakikuta nyumba bila paa na shamba limekuwa kichaka. Kwao, siku ya 30 Mei sio ya Apolo tu tena. Ni siku ya kuhesabu nani yuko na nani hayupo.

Viongozi wa kanisa, sheferi ya Bahema Boga na shirika la raia wana nafasi siku hiyo ambayo mikutano mingi ya usalama haipati: watu wamekusanyika kwa hiari yao, na anayeheshimiwa mbele yao ni mgeni. Nafasi hiyo inaweza kuishia kwenye hotuba na chakula. Inaweza pia kutumika kwa kazi tatu zinazoonekana. Majina ya waliouawa yasomwe yote, bila kuuliza kwanza marehemu alikuwa kabila gani. Tarehe itangazwe ya kuketi pamoja juu ya ardhi ya Tchabi, wenyeji na Banyabwisha, na kila makubaliano yaandikwe. Na serikali ya jimbo iulizwe mbele ya wote ni lini Boga na Tchabi zitapata polisi na mahakama ya kutosha, ili anayetuhumiwa kusaidia adui apelekwe mbele ya hakimu na ushahidi.

Apolo mwenyewe aliwahi kushtakiwa Boga kuwa muuaji. Hakuuawa njiani. Alipelekwa kwa waliokuwa na mamlaka ya kuhukumu, hatia ikakosekana, akaachiliwa, akarudi. Kama watu wa Tabaro wangemmaliza siku ileile kwenye majani, tarehe 30 Mei ingekuwa Boga siku kama siku nyingine.